Zebaki Haiungui

Amani iwe kwenu nyote, wa msikitini na wa kanisani, na nyie wa duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, ambao siku hizi hatuwaoni kote kuwili. Wazee wangu, shikamooni. Nimepewa dakika kumi katika mkutano huu. Wanaonifahamu wanajua dakika zangu huwa ndefu, basi mnivumilie. Sitataja jina la mtu. Mwenye makosa katika habari hii amesimama mbele yenu.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Sekenke. Nilisoma kwa pesa ya vitunguu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nililima, nikabeba magunia kwa mgongo huu, mpaka nikapata stashahada ya ualimu wa Kemia na Fizikia. Najivuna, na sioni haya. Nimefundisha Kanda ya Ziwa miaka sita, na jedwali la elementi nalijua lote kwa kichwa. Niamsheni usingizini mniulize namba ishirini na sita, nitawajibu chuma kabla sijafumbua macho.

Sikurudi nyumbani kwa kushindwa. Nilirudi kwa sababu niliona mnachimba dhahabu kwa kubahatisha, nikasema acha mwenye elimu aingie. Jedwali langu nililitundika sebuleni kwa mama, na kila aliyekuja kusalimia alipata somo, atake asitake. Wengine mko hapa, nawaona mnacheka.

Niliwaambia hivi. Kila kitu kimejengwa kwa atomi, vipande vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Katikati ya atomi kuna kiini, ndani ya kiini kuna protoni, na nje kuna elektroni zinazozunguka. Idadi ya protoni ndiyo inayosema kitu hiki ni nini. Zikiwa sabini na tisa, ni dhahabu. Zikiwa themanini, ni zebaki. Kwenye jedwali wanakaa chumba na chumba.

Mzee mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, nikiipunguzia zebaki protoni moja nimetajirika?"

"Ndiyo mzee, lakini si kwa sururu."

Tulicheka sana siku hiyo.

Sasa mnajua kazi yetu. Mchanga uliosagwa unautia kwenye karai, unaweka zebaki, inaikamata dhahabu. Unakamua kwa kitambaa, linabaki donge. Ukilichoma, zebaki inatoka na dhahabu inabaki. Na mnajua tunachomea wapi. Mwaloni, kule tunakooshea mchanga, kuna macho ya watu. Donge linakwenda nyumbani, jikoni, mlango unafungwa, ili jirani asijue umepata kiasi gani. Mimi na stashahada yangu nikafuata desturi hiyo hiyo. Kwenye mafiga ya mama, kwenye kikaango cha mama, na mama mwenyewe ndiye mchocheaji, maana moto wake hauna mfano.

Mara ya kwanza aliniuliza kama ile dawa nyeupe haina madhara. Nikamwambia, "Usiogope mama, moto unaimaliza."

Ndugu zangu, nawaambia, mwanafunzi wangu angeandika hivyo kwenye mtihani ningempa sifuri. Na mimi nilimwambia mama yangu mzazi, nikaenda kunawa mikono, nikala.

Tulichoma hivyo mwaka mzima na zaidi. Kisha ungo wa mama ukaanza kumwaga uwele. Mwanamke aliyekuwa anapepeta huku anapiga soga, hata punje haidondoki, sasa kuku walikuwa wanamsubiri. Chai ikawa inamwagika kabla haijafika mdomoni. Akaacha kuwakaribisha wageni, anajificha ndani. Usingizi ukapotea, fizi zikavimba, akawa mkali kwa jambo dogo. Majirani wakasema amerogwa. Mimi msomi nikawacheka, nikasema, "Ni uzee tu," nikamnunulia vidonge vya kuongeza damu. Mama hajafika hata miaka sitini. Na mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinauma kila tukimaliza kuchoma. Nikasema ni jua.

Jumamosi moja mchana walikuja wachimbaji wenzangu wawili. Donge tulikuwa tumeshalichoma, mlango umefunguliwa, kikaango bado cha moto. Nikawa nawafundisha, kama kawaida yangu. Mama yuko kwenye kigoda chake, mikono ameibana katikati ya magoti ili isionekane.

Akasema, "Baba, hizo atomi zako zikichomwa zinakufa?"

"Hazifi, mama. Ukichoma kuni, atomi zinaachana na kuungana upya. Nyingine zinakwenda na moshi, nyingine zinabaki kwenye majivu. Lakini kiini chenyewe moto haukigusi. Themanini inabaki themanini."

"Hata za zebaki?"

"Hata za zebaki."

"Sasa zikitoka hapo kikaangoni zinakwenda wapi?"

Nikafungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo, nimelifundisha miaka sita. Inakuwa mvuke, inasambaa hewani, ukiivuta inaingia kwenye mapafu, ikipoa inatua. Inatua wapi? Nikatazama juu. Dari ya nyasi nyeusi kwa masizi. Nikatazama mtungi wa maji, chungu cha mboga, ukuta. Nikamtazama mama, na magoti yake yalikuwa yanatikisika pamoja na mikono.

Mwenzangu mmoja akasema, "Mwalimu, leo umekwama?"

Nilihisi baridi, jua la saa saba hilo. Mbele yangu kuna mtu niliyemlisha zebaki kwa pumzi mwaka mzima, na nilijua. Siwezi kusema sikujua. Elimu yenyewe ilikuwa imetundikwa sebuleni.

Nilimbeba mama nikamtoa nje kama mtu anayetolewa kwenye nyumba inayoungua, naye ananigombeza, "Nishushe, una wazimu?" Jioni ile ile tulikuwa zahanati, kesho yake tukapelekwa hospitali kubwa. Mkojo wetu ukapelekwa kupimwa mbali. Majibu yalipokuja, mimi nilikuwa na zebaki mwilini. Mama alikuwa nayo maradufu.

Mama akamweleza daktari, binti mdogo tu, jinsi tulivyokuwa tunachoma, naye akamuuliza, "Bibi, nani alikwambia kwamba moto unaimaliza?"

Mama akasema, "Watu tu, mjukuu wangu. Nilisikia mtaani."

Alinificha. Nimesimama pale na kalamu mfukoni, na mama yangu ambaye hakumaliza darasa la nne ananifichia aibu. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipolia. Nikamwambia daktari, "Si mtaani. Ni mimi, na nina stashahada ya Kemia." Yule binti akaweka faili mezani, akaandika nilivyosema, neno kwa neno. Heri angenitukana.

Tulipewa dawa, lakini kubwa tuliloambiwa ni kukaa mbali na moshi ule. Jiko nimelibomoa, kikaango na mtungi nimevizika mbali na kisima. Mama amekuwa akipata nafuu polepole, miezi mingi. Sasa anakunywa chai mwenyewe. Uzi kwenye sindano bado unamshinda.

Namshukuru yule daktari. Nawashukuru wenzangu wawili walioacha duara wakanisaidia kujenga jiko jipya. Nawashukuru na majirani mliosema karogwa, maana angalau nyie mliona kwamba anaumwa, wakati mimi naita uzee. Mama, upo hapo nyuma na wanawake wenzako, ahsante kwa swali lako. Walimu wangu wote hawakuwahi kuniuliza vizuri hivyo.

Nimetengeneza chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopita kwenye maji. Mvuke unapoa humo, zebaki inarudi kuwa zebaki, unaikamata. Kipo uwanjani, mbali na nyumba za watu. Bado ni hatari, lakini si jikoni. Atakayekuja nitamfundisha, na ndiyo, nitajisifu kidogo.

Sitawauliza ni nani amechoma jikoni wiki hii. Msinyooshe mikono. Ila leo mkifika nyumbani, mwombeni yule anayewachochelea moto anyooshe yake. Mkae muiangalie vizuri. Ikitetemeka msiseme ni uzee. Njooni kwangu asubuhi, tutakwenda naye zahanati pamoja.