Masizi Kwenye Kofia Nyekundu

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo. Leo sisomi. Leo nasema.

Kila Jumapili saa nne asubuhi nakaa kwenye kiti hiki kuwakumbuka watu wenu. Mnaniletea picha, mnaniletea maneno, nami nawasemea. Leo marehemu ni wangu. Ni mke wangu. Mtaani mlimwita Mama Gia. Alikuwa msoma mita za maji kwa miaka kumi na tisa, na kazi yote aliifanya juu ya baiskeli. Alifariki wiki sita zilizopita, saa nane mchana, kwenye mtaro usio na mfuniko. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: mtaro usio na mfuniko.

Meneja wa kituo amenipa karatasi. Ana watoto wa kusomesha, simlaumu sana. Karatasi inasema mke wangu alipata ajali "kutokana na uchakavu wa vifaa vya kujikinga". Ndivyo alivyoandika afisa wa barabara kwenye ripoti yake. Karatasi yenyewe ninayo hapa, chini ya glasi yangu ya maji. Inafanya kazi nzuri. Meza hailowi.

Mimi shule niliishia darasa la sita. Hapa niliingia kama mlinzi wa geti. Siku moja mtangazaji akakaukiwa na sauti, nikaambiwa njoo usome, na mpaka leo sijarudi getini. Kwa hiyo maneno makubwa sina. Lakini chakavu nakijua. Chakavu ni mimi. Vifaa vya mke wangu havikuwa chakavu, na leo mtajua kwa nini vilionekana hivyo.

Tuanze na mwanzo wake. Kazini walimpa baiskeli nzito kama kitanda cha chuma. Breki moja. Tandiko gumu. Kwa mwezi alipita nyumba mia nne, anainama, anafunua kisanduku, anafuta tope kwenye kioo cha mita, anaandika. Mikono ikaota malengelenge. Akaenda kwa muuza spea, yule mnayemwita Fundi Spoku, akanunua glovu.

Yote yalianza na glovu.

Glovu zilikuwa laini. Sasa mikono imestarehe, makalio yakaanza kulalamika. Akanunua tandiko. Tandiko likataka kaptura yenye pedi. Akaona viatu vya kunasa kwenye pedali, akanunua viatu. Akafika nyumbani, kumbe viatu vile vina pedali zake. Akarudi akanunua pedali. Halafu gia. Gia zikakataa mnyororo wa zamani. Jamani, nilikuwa nadhani nimeoa mke mmoja, kumbe nimeoa na ukoo mzima wa vyuma.

Fundi Spoku naye ana ulimi wa asali. "Mama Gia, hii nimekufichia wewe tu." Kila mteja kafichiwa yeye tu! Na mke wangu kila akinunua alikuwa na neno lake moja. "Hiki ndicho cha mwisho." Glovu, cha mwisho. Taa, cha mwisho. Shemeji yangu, mdogo wake, alimwambia siku moja, "Dada, wewe na cha mwisho mna undugu gani? Kila wiki anakuja kukusalimu."

Sitamsafisha kuliko alivyokuwa. Nusu ya ununuzi ule ilikuwa utamu tu. Alipenda. Miaka ile ya mwanzo, jioni anaweka kifaa kipya mezani, anakigeuza, anakinusa. Mwanamke ameinamia mita za watu siku nzima, hana hata kiti chake kule ofisini, basi kikiingia kitu kimoja kizuri mkononi mwake, anusishe nani kama si pua yake?

Lakini nusu nyingine ilikuwa amri. Mnalikumbuka lile bango la njia panda: Mwendesha Baiskeli, Jikinge. Mwaka mmoja wakubwa wakasema kofia ngumu ni lazima. Mwaka uliofuata kizibao cha kung'aa. Halafu taa ya nyuma. Halafu kioo cha pembeni. Kila barabara ikizidi kuharibika, sisi tunaambiwa tuongeze nguo. Shimo likikua, vaa kizibao. Mtaro ukifunuka, funga kofia. Na ofisi yake haikumpa hata kifungo. Alinunua vyote kwa mshahara wake.

Na mimi nilikuwa mume wa aina gani? Nilikuwa mume wa kelele. Nikiona kitu nisichokijua, nauliza. "Hiyo mpya?"

"Mpya wapi, baba? Ya siku nyingi hii. Tazama ilivyochoka."

Naitazama, kweli imechoka. Miaka minane nimenyamazishwa hivyo, wasikilizaji wapendwa. Miaka minane nilijisifu kazini kwamba mke wangu anatunza vitu.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Mvua ilinyesha asubuhi. Saa nane mchana ilikuwa imekata, jua limetoka, lakini mtaa ule wa bondeni ulikuwa maji matupu, barabara na mtaro ni kitu kimoja. Mke wangu alilijua shimo lile. Alilikwepa kila mara. Muuza magazeti aliyekuwa ng'ambo anasema likaja gari kubwa lenye vioo vyeusi, likapiga honi, likambana. Akasogea pembeni. Gurudumu la mbele likazama. Akapigwa kifuani na ukingo wa zege. Gari halikusimama.

Muuguzi aliyempokea aliniambia hivi, na nimemwomba ruhusa nirudie maneno yake: "Mzee, kichwa chake hakina hata mkwaruzo. Viganja vyake vizima."

Mmesikia? Kofia ilifanya kazi yake. Glovu zilifanya kazi yake. Mfuniko ndio haukuja kazini.

Baada ya mazishi polisi wakanirudishia vitu vyake kwenye mfuko. Kofia nyeusi, imechakaa. Kizibao rangi ya majivu. Na ile ripoti ilishatoka: vifaa chakavu. Hata taarifa ya habari ya kituo chetu ilisoma hivyo, nami niko chumba cha pili nimeshika kikombe. Nikasema angalau nivioshe. Nikaweka maji kwenye beseni, nikaweka sabuni, nikaanza na kofia.

Maji yakawa meusi kama wino. Kofia ikawa nyekundu.

Nyekundu! Haina ufa, haina alama. Nikaosha kizibao, kikawaka mpaka nikafumba macho. Nikamwita shemeji. Akaja, akatazama beseni, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Shemeji, kwani hukujua? Alikuwa anavipaka masizi ya sufuria. Kila akinunua kitu anakipaka kabla hujarudi, usije ukapiga kelele. Mtaa mzima tulijua. Hata Fundi Spoku alikuwa anamuuliza, nikufungie hivi hivi au nikuchakazie?"

Binti yetu alikuwa mlangoni. Akasema polepole, "Baba, mimi ndiye niliyekuwa namshikia kopo la masizi."

Basi hapo ndipo nilipokaa chini kwenye sakafu yenye maji. Kwa sababu yule afisa hakuyatunga. Aliona masizi, akaandika chakavu. Na masizi yale yaliwekwa na mdomo wangu. Kama ningekuwa mtu wa kusema "umependeza, mke wangu", kofia ingefika pale mtaroni nyekundu, na wao wangekosa pa kujishikiza. Hilo ni langu. Nalibeba. Sitampa mtu anisaidie.

Lakini bwana afisa, kama unanisikiliza, na najua unanisikiliza kwa sababu meneja anatembeatembea nje ya kioo hapa: masizi hayamwangushi mtu mtaroni. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka. Kofia iwe nyekundu, iwe nyeusi, iwe ya dhahabu, haifuniki shimo. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Ninyi mnaikata makusudi pembamba, halafu mnaandika ripoti juu ya kamba.

Kwenye mfuko ule kulikuwa na kitabu chake cha mita. Kila ukurasa una mahali pa maoni. Nyumba ya kona, jirani na mtaro ule. Mwezi wa kwanza ameandika: Mfuniko haupo. Chini yake, kalamu ya kijani, mkubwa wake ameandika: Nimeona. Mwezi wa pili: Mfuniko haupo. Nimeona. Miezi saba. Mara saba amesema, mara saba wameona. Mwezi wa saba aliongeza neno moja. Mfuniko haupo, bado. Wakajibu: Nimeona.

Umeona nini, bwana mkubwa? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe mwenye kalamu tukuambieje?

Na siku mbili baada ya mazishi mfuniko ulipatikana. Nimekwenda kuutazama kwa macho yangu. Mpya. Unang'aa. Hakuna aliyeupaka masizi.

Meneja ananionyesha saa. Nakuja, meneja.

Desturi ya kipindi hiki ni kuipa pole familia. Mama mkwe, pole. Ulinikabidhi binti mwenye miguu ya upepo, nami nikamhesabia mishono ya glovu. Shemeji, pole, na asante kwa kucheka siku ile. Mwanangu, pole. Lile kopo usilitupe. Liweke rafu ya juu, mimi nilione kila nikitaka kufungua mdomo. Mimi pole yangu nitajipa nikifika nyumbani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaomba mfikiri mambo mawili. Ndani ya nyumba yako kuna kitu kipya kimefichwa kwa kuogopa ulimi wako. Kitafute, ukisifie leo hii. Halafu toka nje. Mtaani kwako kuna shimo ambalo mtu keshaliandika na mwingine keshaliona. Lisimamie mpaka lizibwe.

Kesho asubuhi nitavaa kofia ile nyekundu, napanda baiskeli yake, naenda ofisi ya barabara. Getini wana daftari la wageni, lina mahali pa kuandika sababu ya kuja. Nitaandika: Mfuniko haukuwepo. Kisha nitakaa kwenye benchi. Nimekuwa mlinzi miaka kumi na moja, kukaa nakujua. Hiyo ripoti itaandikwa upya nikiwa nimekaa. Na kama Jumapili ijayo mtasikia sauti nyingine kwenye kiti hiki, msishangae, mjue nimerudishwa getini.

Nimebakiza kitu kimoja. Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na kengele ya baiskeli, ndani ya pakiti, aliinunua asubuhi ile ile. Pembeni yake kuna masizi yamekunjwa kwenye kipande cha gazeti, tayari. Hakuwahi kuipaka. Nimekuja nayo. Naiweka karibu na maikrofoni.

Sikilizeni.

Hii ni mpya, mama. Usinifiche. Nimeona.