Kiuno Kikiitikiwa Amina

Ukitoka soko la Mwanga, ukawapita mafundi cherehani, ukafika mahali ambapo harufu ya dagaa na harufu ya mawese zinagombania pua yako na hakuna inayoshinda, hapo ndipo lilipo benchi letu. Ni ubao mmoja juu ya matofali. Umepinda katikati kwa sababu ya Dismasi, muuza mawese, ambaye tunamwita Kilo Mia kwa heshima tu, maana ukweli wenyewe umezidi hapo. Kulia kwake hukaa Elikana, fundi wa injini za boti, jina lake Mashine, kwani akianza kuongea hazimiki mpaka mafuta yaishe. Kushoto yupo Nehemia, tunamwita Waziri. Hajawahi kushika cheo hata cha kuchunga mlango, ila hajawahi pia kujibu swali. Mimi nabanana pale panapobaki, na mbele yetu yupo Hamdani na birika lake la kahawa. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa kanisa, ambako Huduma ya Simama Mama inawafundisha ushonaji kina mama ambao maisha yamewapiga ngumi za uso: wajane, walioachwa, waliokuwa wakiwaanikia watu dagaa kule Kibirizi kwa ujira wa sahani ya dagaa haohao. Asubuhi Zaburi, saa nne pindo. Mchana wa siku ninayoisimulia, mwalimu wao, Mama Skolastika, alivuka barabara akaja moja kwa moja benchini, jambo ambalo mwanamke wa Mwanga hulifanya tu akiwa amekuja kumchukua mume. Wawili kati yetu wakainama.

Skolastika: Habari za mchana, kaka zangu. Nahitaji mwanaume mmoja.

Hamdani akasahau kumimina.

Skolastika: Wa kupimwa suruali. Leo ni mtihani. Kila mwanafunzi anapima mwanaume aliye hai, anakata kitambaa mbele ya msimamizi, kesho anashona. Wenzake wameleta waume, kaka, mashemeji. Générose hana. Mumewe alishafariki, ndugu zake wote wako Burundi. Asipopata mtu kabla ya adhana ya alasiri, mtihani umempita, na cherehani aliyotengewa anapewa mwingine.

Waziri: Ombi lako tumelipokea, mama.

Skolastika: Sikuja kutafuta mapokezi, Nehemia. Natafuta mtu wa kusimama.

Akarudi zake. Pale mlangoni pa ukumbi tulimwona huyo Générose mwenyewe amekaa kwenye ngazi, kitambaa cha kijivu kimekunjwa mapajani, anaangalia barabara kama mtu anayesubiri boti ambayo haijatangazwa.

Wewe unayesoma utadhani tuligombania nafasi. Hujui wanavyopima pale. Kwa kuwa wengi wa kina mama wale hawakupata bahati ya kukaa darasani, vipimo haviandikwi, vinatamkwa. Mpimaji anapaza sauti, "Kiuno thelathini na nne," na darasa zima linaitikia, "Amina," ili namba igande kichwani. Halafu makalio, Amina. Halafu paja, Amina. Na madirisha ya ukumbi ule hayana vioo. Kipimo chako kinafika sokoni kabla yako, na ukifika unakuta wauza nyanya wanakijadili.

Kilo Mia: Aende Waziri. Mwembamba. Akipimwa hata Amina yenyewe itakuwa fupi.

Waziri: Suala la nani aende lisitangulie suala la kwa nini aende.

Mashine: Kwa nini aende si tumeshaambiwa? Dada wa watu anahitaji kiuno.

Waziri: Leo kiuno. Kesho? Mwanangu, hao wana wafadhili Ulaya. Vipimo vyote vinatumwa kule. Unadhani mitumba inajuaje kuja Kigoma ikiwa imebana makusudi? Kuna mtu amewatumia vipimo vyetu vya uongo.

Hamdani: Sasa si uende ukatoe vya kweli?

Waziri: Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ki shukani.

Tukatafakari. Methali ya Waziri huwa kama dawa ya mganga, hujui inatibu nini lakini unaogopa kuikataa.

Mashine: Mimi shida yangu siyo wafadhili. Shida yangu ni Yona.

Yona tunamfahamu wote. Alikuwa mvuvi, mlevi wa uhakika, mtu ambaye akikuahidi kuja saa mbili ulipaswa kuuliza mwaka gani. Mkewe alisomea ushonaji palepale ukumbini, na Yona ndiye aliyekwenda kupimwa.

Mashine: Amepimwa, amevaa. Wiki haijaisha, nimemkuta bombani na ndoo kichwani. Siyo begani. Kichwani, na kata ameweka. Nikamwambia, Yona, vipi? Ananiambia, namsaidia mama watoto. Jamaa yule alikuwa hajui hata jikoni kwake kuko upande gani.

Kilo Mia: Ameokoka, basi.

Mashine: Angeokoka angeacha pombe kwanza, kisha ndoo zifuate. Huyu ameanza na ndoo. Ile ni suruali. Wanaiombea pindo kwa pindo. Ukiivaa halafu ukaelekea baa, mguu wa kulia unakubali, wa kushoto unakata kona kwenda nyumbani. Nimemwona kwa macho yangu njia panda, anazunguka kama boti iliyokatika usukani.

Mimi: Alikuwa amelewa.

Mashine: Alikuwa amevaa.

Kilo Mia akakishika kikombe chake kwa mikono miwili. Mzaha ulikuwa umeanza kumwingia tumboni, na njia ya kufika kule ni ndefu.

Kilo Mia: Mnajua mimi naogopa nini? Siyo suruali. Ni ile Amina. Ukiomba gari ukaitikiwa Amina, unatarajia gari. Sasa mimi natamkiwa kiuno mbele ya kina mama wanaofunga na kusali, wanaitikia Amina kwa nguvu zote. Si kimethibitishwa kile? Si ndiyo basi tena? Nitafunga kula, nitakimbia asubuhi kwenda Ujiji na kurudi, kiuno kitakaa palepale kwa sababu kimeshaombewa.

Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja alikuwa anakipigia hesabu cha kwake.

Mashine: Hamdani, wewe nenda. Kwenu si mnaitikia pia?

Hamdani: Tunaitikia dua. Hatuitikii kiuno.

Mashine: Lakini wewe mtu wa dini. Jirani yako ana shida, mjane, ana watoto.

Hamdani: Na mimi nimevaa kanzu tangu nipate akili. Nikienda kupimiwa suruali nyumbani watauliza nahamia wapi. Nyie wanne mmevaa suruali, mmekaa kivulini, mnamtuma mwenye kanzu juani.

Kilo Mia: Mficha uchi hazai, Hamdani.

Hamdani: Basi wewe ndiye uende.

Kilo Mia: Mimi nina watoto saba. Nimeshaonyesha vya kutosha.

Wakati huo jua lilikuwa limeshahama kutoka bati la duka kwenda bati la ukumbi. Générose alikuwa bado kwenye ngazi. Ndani ukumbini kazi imeshaanza: tulisikia sauti ya mama mmoja ikitamka urefu wa mguu wa mtu, na kina mama wakaitikia kwa furaha kama mvua imetangazwa. Mwanaume mwenye mguu huo akatoka nje, akasimama, akatutazama sisi, akarudi ndani. Sijui alikuwa anatafuta nini. Labda sehemu nyingine ya kuishi.

Mimi: Tupige kura.

Waziri: Kura inahitaji wagombea.

Mimi: Wagombea ni sisi.

Waziri: Basi nani atasimamia? Msimamizi hawezi kugombea. Mimi nasimamia.

Mashine: Umeona? Ameshatoka kwenye suruali.

Kilo Mia: Tumwandalie mtu wa kukodi. Pale bandarini wapo vijana wamekaa tu.

Hamdani: Bandarini kuna kazi. Waliokaa tu ni nyinyi.

Waziri: Mimi nina wazo la kitaifa. Tumpe Générose ushauri badala ya mwili. Ashone suruali ya mwanaume wa kawaida. Wa wastani. Tunachukua unene wa Kilo Mia, wembamba wangu, tunajumlisha, tunagawa.

Mashine: Atakayetoka hapo ni nani?

Waziri: Raia.

Mashine: Na suruali ya huyo raia ataivaa nani mbele ya msimamizi?

Waziri: Hilo ni suala la utekelezaji.

Tulikuwa tumefika hapo, na Mashine ameshaanza kueleza kwamba suruali zilizoombewa haziwezi kuvuka ziwa, kwamba mtu alivaa moja hadi Kalemie na boti ikakataa kutia nanga mpaka avue, pale kivuli cha mtu kilipoingia katikati yetu. Alikuwa Générose. Tepu ya kupimia shingoni, kitambaa cha kijivu kwapani. Sura imetulia, ila vidole vilikuwa vinaikunja ncha ya tepu, vinaikunjua, vinaikunja.

Générose: Mwiriwe, kaka zangu.

Mashine: Mwiriwe, dada.

Générose: Mwalimu ameniambia mnajadiliana. Nimeona majadiliano ni marefu, nikasema nije nipunguze. Kitambaa changu ni cha msaada, ni kidogo, nikikosea hakuna kingine. Kiuno kikizidi thelathini na sita, hakitoshi. Kwa hiyo nauliza tu. Nani hapa ana thelathini na sita kushuka chini?

Tukainamia vikombe. Kila mmoja akaipuliza kahawa yake iliyokwishapoa.

Waziri: Swali zuri.

Générose: Wewe ni ngapi?

Waziri: Ni swali zuri sana.

Générose: Na wewe, kaka?

Kilo Mia: Mimi ni kubwa.

Générose: Kubwa siyo namba.

Kilo Mia: Basi kubwa sana.

Mashine: Hii yangu imeandikwa thelathini na nne.

Générose: Kwa hiyo una thelathini na nne.

Mashine: Oya, sikufichi dada. Imeandikwa na Mzungu. Mimi nimefunga hapa kwa kamba ya kuwashia injini. Sijui kama ilikuwa imezidi au imepungua. Nilifunga tu.

Akanigeukia mimi. Nikaivuta suruali yangu nyuma kutafuta kile kikaratasi cha namba. Kilikuwa kimefutika kwa kufuliwa, na hata kabla hakijafutika kilikuwa kwa lugha ambayo hawaisemi upande huu wa ziwa. Aliyeivaa mwanzo ndiye anayejua, na huyo hakuacha anwani. Mara ya mwisho kwa mtu kunishonea nguo, ilikuwa kaptura ya shule, na mama alimwambia fundi aiache pana ili nikue ndani yake.

Kilo Mia: Kwani Mashine, wewe uliwahi kupimwa?

Mashine: Harusi niliazima.

Kilo Mia: Waziri?

Waziri hakusema hata kwamba ni swali zuri.

Hapo ndipo tulipotazamana. Mchana mzima tulikuwa walinzi wanne wa ghala, tumeshika marungu, tunafukuza wezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua mlango aone kuna nini ndani. Kila mtu akakitazama kiuno chake kama mgeni aliyekaribishwa na mke wakati yeye hayupo.

Générose: Gunia la mihogo nililojifunzia kupima halikujua kiuno chake. Lakini lilikubali kusimama.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayelikumbuka gunia lile kwa wema. Kisha akatazama upande wa msikiti, akageuka kuondoka, na nikaona vidole vyake vimeacha kuichezea tepu. Vilikuwa vimeifunga fundo.

Kilo Mia akainuka. Ubao ukapiga mlio, ukanyooka, na sisi wengine tukapanda juu kidogo.

Kilo Mia: Dada, subiri.

Mashine: Wewe unakwenda wapi? Kitambaa hakikutoshi hata kwa bahati.

Kilo Mia: Najua hakinitoshi. Lakini nina miaka hamsini na mbili. Nataka kujua.

Mashine: Utajua kwa sauti. Mwanga nzima itajua.

Kilo Mia: Mwanga inaniona kila siku. Mimi ndiye sijioni.

Générose: Twende wote, kaka. Nitapima mmoja mmoja. Yule ambaye kitambaa kitamtosha, huyo ndiye mtihani wangu. Wengine mtakuwa mmenisaidia kufanya mazoezi. Tuanze na huyu mwembamba. Utakubali, mzee?

Waziri akafungua mdomo. Tukasubiri kamati, tukasubiri suala la utekelezaji.

Waziri: Ndiyo.

Mashine alishtuka kuliko siku injini ilipomlipukia. Akainuka naye, akiishika ile kamba kiunoni, akimwambia Générose taratibu kwamba anaomba tu suruali yake isiombewe sana upande wa kushoto. Mimi nikafuata nyuma. Tulivuka barabara watu wanne na dada mmoja mbele, na wauza nyanya wote wakasimama kututazama. Pale mlangoni Mama Skolastika alitupisha, akaenda kufungua mbao za madirisha machache yaliyokuwa bado yamefungwa.

Nyuma yetu nikasikia bodaboda imesimama benchini, na dereva anauliza kwa huzuni ya mtu aliyetoka mbali.

– Mzee Hamdani, vipi benchi tupu? Kahawa imeisha?

– Kahawa ipo, tele. Wanywaji wamekwenda kujua ukubwa wao.