Mama Bonyeza, Aliyetaka Simu Yake Inyamaze

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake na marehemu, na nyinyi mliotoka mbali ambao wengine tumewafahamu jana tu, poleni na safari na poleni na msiba, familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yetu, dada wa baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita shangazi na kazini mlimwita Mama Bonyeza. Aliyetakiwa kusoma ni kaka yake mkubwa, lakini asubuhi amejaribu akaishia mstari wa kuzaliwa, kwa hiyo mtanivumilia, nitasoma ninavyoongea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1967, katika hospitali ile ile ambako bibi yetu alikuwa akifua mashuka, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, baba yao fundi mwashi, na wanasimulia kwamba alitoka kimya mpaka wakunga wakaingiwa na hofu, wakampigapiga mgongoni ndipo akalia, na tangu siku hiyo, anasema baba yangu, hakunyamaza tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974, akaingia sekondari mwaka 1981, na sifa yake darasani ilikuwa moja, mwalimu akiuliza "Mmeelewa?" darasa zima linaitikia ndiyo, yeye peke yake anasema hapana, wenzake wakamchukia kwa hilo mpaka mitihani ilipokaribia, hapo wakawa wanamsukuma kwa viwiko, "Sema hujaelewa, sema basi." Mwaka 1985 alijiunga na chuo cha upimaji ardhi, akatoka na cheti cha uchoraji ramani, na Januari 1988 akaajiriwa katika ofisi ya ramani, chumba cha chini nyuma ya ngazi, ambako walichora kwa kalamu za wino juu ya karatasi ya plastiki, ukikosea unakwangua kwa wembe taratibu, ukiteleza umetoboa mto mzima.

Kuhusu ndoa, ile karatasi ya plastiki ikipata joto inajikunja, kwa hiyo chumba kilikuwa na kiyoyozi, na kiyoyozi kilikuwa na fundi, ndiye huyu mzee wetu aliyekaa hapa mbele, fundi friji, ambaye jana amekiri mbele ya watu kwamba mara ya pili hakikuharibika chenyewe, alikiacha hivyo makusudi ili aitwe tena. Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1991, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu wa hesabu, na kijana ambaye yuko na baba yake kwenye mafriji, na wajukuu watatu.

Sasa nije kwenye kazi, maana hapo ndipo alipo shangazi mwenyewe. Ofisini kwao kompyuta zilipokuja, zilikuja na programu ya ramani ya kununua, ghali, haifunguki mpaka uchomeke nyuma ya kompyuta kidude fulani kama ufunguo, na hicho kidude kilikaa kwenye droo ya bosi, bosi akisafiri droo imefungwa, ofisi nzima inakaa kumsubiri kama vifaranga, huku watu wa maji wamesimama mlangoni wanataka ramani ya mabomba. Shangazi akasikia kuna programu nyingine, ya bure, siyo ya wizi, ya halali kabisa, imetengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na ndani yake iko wazi, anayejua kuandika programu anaifungua, anarekebisha, anawapa wenzake, akasema hii ndiyo yetu.

Kumbe kuipata ni jambo moja na kuiweka kwenye kompyuta ni jambo lingine. Mwenyewe alisimulia kwamba ilikuwa kama mgeni unayemkaribisha chai, anakwambia chai nanywa ila kikombe changu kiko kwa fulani, ukienda kwa fulani unaambiwa kikombe kipo ila sahani yake iko mtaa wa pili, ukirudi na vyote mgeni anasema hiki kikombe ni cha mwaka juzi, mimi natumia cha mwaka huu. Watu wengi ofisini walijaribu wakaacha, wakarudi kusubiri droo, na shangazi hakuwalaumu, alisema mtu akijikwaa mlangoni kwangu siwezi kumuuliza miguu yake ina nini, nitaangalia mlango.

Ndipo akaanza kazi iliyomchukua maisha yaliyobaki, akishirikiana na mwenzake tunayemwita Kobe, mwandishi wa programu, yuko pale nyuma, jina amelipata kwa sababu anachapa kwa vidole viwili, wakawa wanakusanya vikombe vyote na sahani zote ndani ya fungu moja, lisilohitaji intaneti, unalibeba kwenye flashi, unabonyeza, basi, na hilo "unabonyeza, basi" ndilo lililomzalia jina.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, shangazi yeye hakungoja siku ya tatu, ukifika kwake, kabla chai haijapoa umeshapewa mausi, unakalishwa mbele ya kompyuta kuukuu pale sebuleni, katikati ya mafriji mabovu ya mume wake, anakwambia, "Weka hii programu, uchore nyumba yenu, mimi sipo," halafu anakaa pembeni yako, viganja kavikalia, midomo kaifunga, hasemi, hakuelekezi, anaangalia tu kidole chako kinasitasita wapi, na kama ulimjua shangazi unajua kwamba huko kunyamaza kulimchosha kuliko kuchimba kisima. Jirani yetu fundi cherehani alikwama, maandishi mekundu yakatokea, akaanza kuiomba radhi kompyuta, "Samahani, nimekuharibu," shangazi akaenda jikoni akakaa huko kidogo, aliporudi akamwambia Kobe yale maandishi yote yaandikwe upya, hakuna mtu ataomba msamaha kwa kosa letu sisi.

Lakini aliyemfundisha kuliko wote ni mama mkwe wake, Mungu amrehemu, ambaye alikaa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, "Unakubali masharti?" akabonyeza Hapana, programu ikajifunga. Shangazi akashindwa kujizuia, "Mama, mbona umekataa?" na yule bibi akamgeukia, "Masharti yenyewe sijaelezwa, nikubali nini, hata wewe ulipokuja kuolewa hapa nilikuuliza maswali kwanza." Shangazi alimwandikia Kobe siku hiyo hiyo, wakatafuta, wakakuta kwamba kwa programu ya namna ile mtu wa kuitumia tu hahitaji kukubali chochote, ule ukurasa uliwekwa kwa mazoea, wakauondoa, wakaandika mstari mmoja, "Programu hii ni yako, endelea," na bibi alipoletewa tena akasema sasa mmeongea kama watu.

Familia imeniruhusu niseme na lililomuumiza. Mwaka 2014 walitoa toleo jipya, na lile fungu lilikuwa linafanya usafi kwanza, linafuta kabati lake la zamani, yaani folda yake ndani ya kompyuta, ndipo linapanga vitu vipya, kumbe kuna muuguzi mmoja wa chanjo, yuko nasi hapa, ambaye ramani zake za nyumba zote za eneo lake alikuwa anazihifadhi ndani ya kabati hilo hilo, kwa sababu kila akitaka kuhifadhi, kompyuta ilimfungulia pale, akabonyeza kama alivyoambiwa, na nyumba zote zikaondoka. Kobe alisema mtumiaji hakutakiwa kuweka vitu pale, shangazi akamuuliza, "Ulimwambia wewe?" Akachukua likizo, akaenda kwa yule muuguzi, wakatembea nyumba kwa nyumba, wakachora upya mpaka ya mwisho, na aliporudi alikuwa mweusi kwa jua, hakula vizuri muda mrefu.

Baada ya hapo akatoa namba yake ya simu, akaiandika ndani ya programu yenyewe, ukikwama mpigie, na watu walikwama, wapimaji, watu wa maji, watu wa misitu, simu ikawa inalia mezani, inalia barabarani, ililia kwenye harusi ya binti yake katikati ya kulishana keki, akapokea, tukamsikia, "Usizime, bonyeza la kushoto, la kushoto baba, huo ni mkono wako wa kulia." Mzee wetu akachoka, akamuuliza, "Umeolewa na mimi au na simu?" na shangazi akamjibu kitu ambacho sisi wote tulikisikia na hatukukifikiria, alisema, "Nivumilie, nikiimaliza vizuri itanyamaza yenyewe, mimi naogopa kufa hii kazi ikiwa bado inaniita." Hilo ndilo alilolitaka kuliko vyote, asihitajike, na alikuwa na haraka nalo, maana mambo mengi yalikuwa bado yako kichwani mwake peke yake.

Kuhusu kuugua, tarehe 3 Februari 2021 asubuhi, akiwa anapiga mswaki, alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakaondoka, alibaki na "ee" na "aa" na kicheko cha upande mmoja. Toleo la mwisho lilikuwa nusu. Kobe akawa anakuja kila Jumamosi, anamkalisha mtu yeyote aliyepatikana mbele ya ile kompyuta, mteja wa friji, mjukuu, mtu wa kusoma mita, na shangazi anaangalia kidole kile kile, akiona kinasitasita anagonga meza kwa mkono wa kushoto, Kobe anaandika, wakibishana anagonga zaidi, na kwa mwendo huo wa kobe kweli toleo likakamilika, likatolewa Juni 2023.

Halafu simu ikanyamaza.

Mzee wetu ndiye aliyekuwa akiichaji na kuiweka juu ya friji, akisubiri ilie ili amsogezee mke wake sikioni, haikulia, wiki zikapita, ikawa miezi, na roho ikamuuma, akawa anamwambia, "Umeona watu wako, ulipokuwa mzima hatukulala, leo hata hujambo hakuna, mti ukiacha kuzaa hakuna anayeupita." Na kila akisema hivyo shangazi anacheka, kile kicheko cha upande mmoja, mpaka machozi, anapiga mto kwa mkono wa kushoto, mzee akadhani ugonjwa umefika kwenye akili, akatoka nje akainama kwenye mafriji yake, maana kumuona anachekelea kutupwa kulimshinda. Hakuwa na maneno ya kumweleza, na sisi tuliokuwa nayo hatukuelewa.

Alipata kiharusi cha pili, akafariki Jumapili tarehe 18 Agosti 2024, nyumbani, mume wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Tulipokaa kupanga msiba mzee aliniambia, kwenye shukrani watu wa kazini usiwataje, na nikaandika bila kuwataja. Jana mchana mkaanza kufika, mmoja mmoja, na mabegi, sebule ikajaa, mzee akawatazama, akamuuliza yule muuguzi mbele yetu wote, hakuzunguka, "Mama, mlikuwa wapi?" Muuguzi akakaa chini karibu na miguu yake, akasema, "Baba, tangu lile toleo la mwisho hatukuwa na cha kumuuliza. Tunabonyeza, linakubali. Wafanyakazi wapya wanaliweka wenyewe, hata sijui wameliweka lini. Tukasema tusimsumbue mgonjwa bila shida." Kisha akaongeza, "Lakini salamu haina shida, baba, salamu tungeleta. Hapo tumekukosea."

 Mzee akamuita Kobe, akamuuliza kama ni kweli, Kobe akasema ni kweli, akasema na yeye alidhani mzee anajua, kwa sababu shangazi alijua, kila Jumamosi jambo la kwanza alilotaka ni kuoneshwa simu kama kuna aliyepiga, akiona hakuna anacheka. Mzee akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anafurahi?" Kobe akasema alikuwa anafurahi. Mzee akavua kofia, akaishika magotini, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa, ndipo akaniita akaniambia niandike upya.

Kwa hiyo familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na yule kijana wa mazoezi ya viungo ambaye alimfundisha mkono wa kushoto kushika kijiko, inawashukuru majirani, hasa fundi cherehani aliyemshonea magauni ya kufungwa mbele ili avae bila kuumia, inamshukuru Kobe na Jumamosi zake zote, inawashukuru wenzake wa ofisini na wote mnaoendelea kuitunza programu hiyo mahali mlipo, na kwa maneno ya mzee mwenyewe, ambayo amesema niyasome kama yalivyo, anawashukuru nyote ambao hamkupiga simu, hakujua, mmempa mke wake alichokitaka kuliko kitu chochote ambacho yeye mwenyewe angeweza kumpa.

Anasema pia namba ile hataifunga, inaendelea kukaa juu ya friji, na sasa anawaomba mpige, siyo kuuliza lolote, hata kama kila kitu kinakwenda vizuri, pigeni mseme hujambo.

Shangazi, kazi haikuiti tena. Pumzika kwa amani, simu tutapokea sisi.