Mwalimu Mbuthia na Yai Lililokataa Kuiva

...na ndiyo maana nasema miaka ishirini na sita ya Mwalimu Mbuthia haiwezi kutoshea kwenye ukurasa mmoja wa jarida letu. Anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai 2009. Nitajaribu tu. Nina mwezi mmoja tangu niolewe na kila kitu nakiona kizuri, kwa hivyo mnivumilie.

Alikuja katika shule yetu ya wasichana hapa Waithaka, Dagoretti, kufundisha fizikia, akakuta wasichana wanaiogopa kama sindano. Akaanzisha Klabu ya Sayansi, kila Jumatano baada ya masomo. Ukiuliza swali klabuni, yeye hajibu. Unaenda kulitafuta jibu, unakuja nalo Jumatano inayofuata.

Mwaka wa 2003 mambo yaliharibika. Wasichana wanne tu walikuwa wamechagua fizikia mwaka uliotangulia, na mwalimu mkuu, Bi. Ndunge, akatangaza kwamba wasipofika kumi safari hii, somo linafutwa. Mwalimu Mbuthia akaita wazazi waje waone klabu ikipika yai kwa jua, ndani ya katoni iliyobandikwa foili, ile karatasi ya kung'aa. Akawaita Julai, saa kumi jioni, yeye aliyezaliwa papa hapa Dagoretti na anayejua baridi yake.

Mawingu yakatanda, wazazi wakafunga vifungo vya sweta, yai likabaki baridi. Mama wa mwanafunzi aitwaye Wangu akamwambia mwalimu kwamba hata kuku angekuwa ameshaangua. Watu walicheka mpaka Bi. Ndunge akajifanya anakohoa. Mimi, karani wa ofisi, nilikuwa namtazama Norman, msaidizi wa maabara, ameshika kioo kuelekea jua lisilokuwepo, uso makini kabisa. Moyo wangu ulimwendea siku hiyo. Leo ndiye mume wangu.

Wasichana waliondoka na aibu, na aibu ikawakosesha raha. Mbona halikuiva? Mwalimu akawatuma wakalitafute jibu, kama kawaida yake. Jumatano iliyofuata klabu ilijaa hadi mlangoni. Mmoja alikuwa amepaka sufuria masizi, mwingine kaleta kioo cha dirisha, na wote wakibishana kuhusu miale ya jua kama watu wanaobishana kuhusu mpira. Yai lilipoiva hatimaye, waligawana vipande vidogo kama keki ya harusi. Thelathini na mmoja wakachagua fizikia.

Somo halikufutwa. Debra, mmoja wa hao thelathini na mmoja, ndiye atakayefundisha madarasa ya Mwalimu kuanzia muhula ujao.

Asante, Mwalimu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wasumbufu. Mimi na Norman tutakuja nyumbani kwako mjini Kikuyu kabla Agosti haijaisha.