Dada Yetu Aliyejua Inzi Huyu Si Yule

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka kazini kwake, familia imenituma mimi mdogo wake wa mwisho niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Inzi, na mwenyewe aliniagiza nisiyapake sukari.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1974, akapata cheti cha ufundi wa maabara mwaka 1976, na tarehe 2 Februari 1977 akaajiriwa kituo cha ukaguzi wa mimea, chumba cha pili kushoto, chenye dirisha moja na hadubini mbili, moja ikiwa mbovu.

Kazi yake ilikuwa kuwatambua inzi wa matunda, ambao machoni petu ni mapacha, wote wa kahawia, wote na mistari ya njano mgongoni, lakini yeye alitazama mstari mweusi wa ukingo wa bawa, kama unaishia kabla ya ncha au unaivuka na kujipinda kama ndoana, akatazama mapaja ya miguu ya mbele kama yana doa, kisha ncha ya mrija wa kutagia wa jike, na hakuandika jina mpaka vyote vitatu vikubaliane.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1981 na fundi redio, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, na mama mkwe wake alikuwa akiwaambia wageni wafunike mabakuli mapema, maana inzi akitua tu, mkwewe ataacha kula aanze kumkagua mapaja. Nyuma ya nyumba mumewe alipanda mipera mia mbili, akaipenda kuliko redio.

Jumanne ya tarehe 8 Novemba 1994 yaliletwa kituoni makreti ya mapera kutoka nje ya nchi, marehemu akakuta humo majike kumi na moja, ndoana ya bawa ipo, doa la paja lipo, ncha ya mrija nayo imekubali, akamweleza mkuu wa kituo kwamba hawa si wa kwetu, mzigo uzuiwe. Mkuu aliinama kwenye hadubini muda wa kupiga chafya, akasema, "Mama, inzi ni inzi, andika ni wale wale." Marehemu akamjibu, "Bosi, ningekuwa sijui ningeandika sijui, lakini hili nalijua." Alikataa kutia saini, mzigo ukapita kwa saini ya mkuu, barua yake ya kurasa mbili kwenda makao makuu haijajibiwa hadi leo, na tarehe 1 Desemba akahamishiwa stoo, kuhesabu chupa na mafagio kwa miaka sita.

Kufikia 1997 mapera ya eneo zima yalikuwa yakioza mtini, yamejaa funza. Wahenga walituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hawakutuambia mkuu asiyesikia huvunja guu la nani. Mumewe alipopasua pera la kumi alimwuliza kama alijua, naye akasema alijua, na aliandika. "Uliwaandikia wao," mumewe akasema, "mimi hukuniambia." Alikuwa ametunza siri ya ofisi, kama alivyoapa. Mume alichukua shoka, akaifyeka mipera kwa siku nne, na hakumwuliza tena habari za kazi hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 1999. Marehemu alituambia stoo haikumuuma kama neno lile.

Mwaka 2000 walimrudisha kwenye hadubini, si kwa huruma, bali kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuwatenganisha inzi wale, akachora kwa mkono wake kurasa arobaini na sita za kuwatambua, zikachapwa kitabu mwaka 2004, jina la mkuu juu ya jalada, jina lake ukurasa wa mwisho, chini ya la dereva, likiwa limekosewa herufi. Alistaafu tarehe 14 Machi 2017.

Figo zilianza kumsumbua Julai 2021, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Ijumaa tarehe 19 Mei 2023, saa nne asubuhi, akafariki, binti yake mkubwa akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu, na wenzake watatu wa kazini waliokuja kumwona akiwa hai, hasa mama mfagiaji, aliyeihifadhi nakala ya ile barua kabatini kwake tangu 1994 na kutukabidhi jana. Kituo nacho kimeleta shada lenye utepe ulioandikwa "Mtunza stoo wetu mpendwa". Maua tumeyapokea, utepe tumeuondoa.

Dada, pumzika kwa amani, ile uliyonyimwa na watu wasiotaka kutazama.