Aseme ‘Ni’ au ‘Alikuwa’

Walimu wawili wa Kihispania walikaa mbele ya Herlinda kwenye basi la kwenda Laredo, mji wa mpakani na Meksiko, wakipanga somo la lugha na utamaduni la darasa la juu la sekondari.

“Tunaanza na familia,” alisema yule mzee, Evaristo. “Kila mtoto asimame aeleze ya kwao. Mtihani ndivyo unavyotaka.”

“Umemsahau Yadira, mwalimu?” aliuliza mwenzake, mwanamke kijana. “Alisimama akasema baba yake ni fundi wa mapaa. Kisha akaniuliza aseme ‘ni’ au ‘alikuwa’, maana watu wa uhamiaji walimkamata baba huyo alfajiri ile wakamrudisha Meksiko.”

“Ukamjibu nini?”

“Nilimwambia akae.”

“Ndiyo maana alifeli, dada yangu. Mtihani hauna machozi.”

“Wewe unayo?”

Mzee alikohoa kama aliyemeza mfupa.

Herlinda alishindwa kuvumilia. Mumewe naye alichukuliwa na watu wa uhamiaji mwezi uliopita, na mwanawe alikuwa amejiandikisha katika somo hilohilo.

“Jamani, familia iacheni,” alisema.

Evaristo aligeuka kwa upole. “Kwani wewe ni mama wa nani?”

 Nani ajuaye, aliwaza Herlinda, jina la mtoto likitajwa hapa litaishia masikioni mwa nani?

“Mimi sina mtoto,” alijibu.

Basi likasimama. Walimu wakashuka, bado wanabishana.