Vidonge vya Nyonga ya Rukara

Mwaka wa 66, pale hospitali ya misheni katika milima ya Masisi, tulikuwa na banki yetu ya kukalia: ubao mmoja juu ya mawe mawili, ukitazama dirisha la famasi. Alhamisi ilikuwa siku ya dawa, na Mama Colette alileta birika lake la kahawa. Kulikuwa na Garagiste, fundi wetu wa magari, jina lake Hubert, aliyeendesha kamyo ya mizigo ya plantesheni mpaka ikamfia mikononi. Kulikuwa na Avoka, wakili wetu Munyakazi, ambaye mahakama aliijua kwa kushitakiwa tu. Na mimi waliniita Karani. Wa nne alikuwa Rukara, mfugaji wa juu ya Ngungu, mtu mpole kupita kiasi. Nyonga yake ya kulia ilikuwa inaliwa na kifua kikuu cha mifupa, na kila juma alishuka kwa fimbo kuja kuchukua vidonge. Jamani, nimewakumbuka watu wale. Siku hizi kuna viti vizuri, lakini mtu wa kubishana naye yuko wapi?

Alhamisi moja Rukara alitoka kwa daktari akakaa bila kusalimu. Mama Colette akamjazia kikombe.

— Dokta amesema nini? Avoka akauliza.

— Amenionyesha foto ya mifupa. Anasema kichwa ya mufupa inazungukaka ndani ya kintu sawa kikombe, na ile kikombe inaliwa. Kama hizi komprime minamezaka haisaidie mu hii miezi mbili, nyonga itafunga kabisa. Sitapanda tena na ngombe. Nitaziachia Sebagabo, mutoto ya dada yangu.

Ng'ombe za Rukara tulizijua zote kwa majina, maana hakuwa na hadithi nyingine.

— Kikombe! Garagiste akapiga goti lake. Ile njo rotule, kaka! Ku kamyo iko vilevile. Rotule ikikosa grese, gari inavuta kushoto. Weye haukosi dawa, unakosa grese. Kunywa siagi.

— Nakunywaka siagi tangu mutoto.

— Unakunywa na kinywa. Inapashwa kupitia chini.

— Chini wapi, Papa? Mama Colette akauliza.

— Hapana, mi nasema kosa iko mu kulala, Avoka akasema. Rukara, unalalaka upande gani?

— Upande ya muguu muzuri.

— Munaona! Komprime ni kintu kizito. Ukilala ku upande muzuri, dawa inashuka ku muguu muzuri. Miezi ine ya dawa, ule muguu muzima njo inatunzwa, na ule mugonjwa inalala njaa!

Na mimi sikutaka kubaki nyuma.

— Ni baridi ya huku juu, nikasema. Nilifika Walikale, nikafika mpaka Ntoto. Kule mu pori joto inalainisha mifupa. Sikuona mutu mwenye kuchechemea.

— Sababu kule muguu ikiuma unaingia mu mutumbwi, Garagiste akasema. Usidanganye batu, Karani.

Foleni ya dirishani ilikuwa haisogei. Avoka akainyoshea kidole.

— Tena kosa ingine ni ya ule Mamzele Emérita wa famasi. Zamani Papa Pierre alichota komprime na mukono, anafunga mu karatasi ya kaye ya masomo, "Meza, kwenda!" Hii Mamzele mupya anachora jogoo juu ya bahasha, eti ya asubui. Anachora mwezi, eti ya mangaribi. Kisha anauliza: "Rudilia, nimesema nini?" Baba muzima, unarudilia sawa mutoto wa masomo!

— Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe, Garagiste akasema.

— Jembe ya nini mu famasi?

— Ili achapuke.

Wakamwita Rukara. Alisimama dirishani, akarudilia maneno ya Mamzele kwa sauti ndogo, akarudi na bahasha mbili. Akazifungua palepale, kama alivyofanya kila Alhamisi, akatugawia. Kwao mtu hanywi maziwa huku mwenzake anatazama, na Rukara hakuona tofauti kati ya maziwa na dawa. Garagiste alipata viwili vya mgongo wake, Avoka viwili vya goti, mimi viwili vya shingo. Mama Colette alipata kimoja, kwa ajili ya mkono unaobeba birika.

— Kidole moja haivunje chawa, Avoka akasema akipokea.

— Na iko nguvu! Garagiste akasema. Mugongo yangu haijauma tena tangu Pasaka. Sasa weye, Rukara, juu ya nini hauponi?

— Njo minajiuliza, kaka.

— Mufupa iliyoshinda fisi, mbwa ataiweza? Avoka akahitimisha, akatia kidonge mdomoni.

Nilikuwa na changu cha pili juu ya ulimi, nikanyosha kikombe. Mama Colette akainamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Hapo mlango wa famasi ukafunguka. Mamzele Emérita akatoka na taburia yake nyeupe ya kazi. Alitazama bahasha zilizolegea, kisha viganja vyetu, kimoja baada ya kingine. Hakupaza sauti.

— Bapapa, samahani. Hapa ku banki, mugonjwa wa nyonga ni nani?

Swali dogo. Garagiste aliyejua rotule zote alitazama viatu vyake. Avoka alikuwa na shavu limevimba kwa kidonge.

— Usibagombeze, Mamzele, Rukara akasema. Ni bandugu. Ningekula yangu peke yangu namna gani, nabo banaangalia?

Emérita akahesabu vidonge vilivyobaki ndani ya bahasha: saba, kati ya kumi na vinne.

Tangu Alhamisi iliyofuata alimpa Rukara bahasha kumi na nne ndogo, zimefungwa kwa gundi, kila moja kidonge kimoja na jina lake juu, na zilipaswa kurudi tupu. Cha kwanza Rukara alikimeza mbele ya dirisha. Ugonjwa ulisimama. Lakini mfupa ulioliwa haurudi, na nyonga ilikuwa imekwisha kujifunga. Sebagabo alikuja kuchukua ng'ombe kabla ya kiangazi. Tulimpa Rukara pole nyingi sana, sisi tuliokula mguu wake.

Ila siku ile bado hatukujua hayo. Nilitoa kidonge changu mdomoni, kimelowa, kinaanza kuyeyuka, nikamnyoshea Rukara. Yeye akanionea huruma. Akakunja vidole vyangu juu ya kidonge, taratibu.

— Meza tu, Karani. Imeisha kulowa.

Nikakimeza bila maji. Mungu anisamehe, nilikimeza.